Kuunga Sauti ya Bernadette

Bunia, quartier Bigo, tarehe 9 janvier 2025

Mwipwa wangu Adeline,

Mbele ya kukusalimia, ujue kwanza nani anakuandikia. Anakuandikia mutu mwenye, akilala mugonjwa siku moja tu, Bunia yote inakuwa bubu. Wakubwa wakikuja kuhutubia batu, hakuna mwenye anafungua mudomo mpaka Floribert Katsuva apige kidole ku mikro na aseme "moja, mbili". Kuna mukubwa mumoja alitaka kuanza bila miye. Bafle zangu, zile sanduku za kutoa sauti, zikakataa. Alihutubia saa muzima, na batu waliona tu mudomo unafunguka na kufungika sawa samaki ya Tchomia. Tangu pale, akifika, miye ndiye ananisalimiaka wa kwanza.

Sasa nakusalimia. Habari ya Hoima? Habari ya bwana yako, ya Jemima, na ya ile tumbo? Siye huku tuko. Agathe muke wangu iko muzima, ni goti tu inamusumbua kukiwa baridi. Miye niko na nguvu sawa grupu mupya ya kutoa umeme.

Ni dada yangu, mama yako, ndiye hayuko muzuri. Nilikuambia ku telefone: nyuma ya Noeli mushipa ulipasuka mu kichwa, akaanguka karibu na jiko, mwiko ungali mukononi. Hopitali wamemurudisha hapa kwangu. Upande wa kuume umekufa, na ulimi umekufa. Anatuangalia, anajua kila kitu, naona mu macho. Anapima kusema, inatoka "mm, mm", anakasirika, anageukia ukuta. Uji anakunywa kidogo sana. Nikimugeuza mu kitanda naona vile anakuwa mwepesi, na hiyo hainifurahishi.

Enfirmie mumoja wa hopitali alinivuta pembeni. "Papa Flori, nimeona wagonjwa wenye ulimi wao ulikufa kwa maneno, lakini haukufa kwa wimbo. Wimbo unalalaka fasi ingine mu kichwa. Mumutafutie wimbo wake wa zamani kabisa. Labda ulimi utafuata."

Wimbo wa zamani! Alikuwa anasema na nani? Miye niko na ile diski ya 45 tours, santuri ya zamani, yenye mama yako aliimba Butembo akiwa musichana, wakati bwana mumoja alipita ku paruasi ya kanisa na mashini ya kurekodi. Yeye anaimba peke yake mu Kinande, luga yetu, korali inamujibu. Zilitoka chache, na hii ndiyo imebaki. Tulihama Butembo na hii diski ndani ya gunia ya maharagi, na nilikaa juu ya ile gunia njia muzima bila kuikalia kweli.

Jana nilipigisha diski karibu na kitanda. Adeline, kelele! Sawa mafuta ya moto wakati unatupa ndizi ndani. Mama yako alisikiliza, akafunga macho, machozi ikatoka, akageukia ukuta. Nilirekodi na telefone, nakutumia hapa chini. Usikilize, uulize huko kwa Waganda kama wako na dawa. Si juu ya kukosa kujua. Ni juu ya kulinganisha.

Mujomba wako,
Floribert Katsuva, Bwana wa Sauti


Hoima, 12 janvier 2025

Mujomba mupendwa,

Nakusalimia sana, wewe na Mama Agathe na goti lake. Sisi tuko salama, isipokuwa miguu yangu imevimba na daktari amenikataza safari yoyote mpaka nizae. Anasema damu inapanda. "Ukienda Bunia utazaa njiani, au utafia njiani, chagua." Basi niko hapa nimelala ubavu, mama amelala huko, na katikati yetu kuna ziwa.

Nimesikiliza. Mwanzo nilisikia mvua juu ya bati, nikadhani umekosea kutuma. Kisha ndani ya mvua, mbali, nikamsikia. Mujomba, nilimsikia mama yangu akiwa msichana mudogo kuliko mimi. Nikaziba mudomo na shuka ili Jemima asishtuke.

Unajua desturi ya nyumba yetu. Mjukuu haitwi kitu mpaka bibi amtaje. Jemima alikaa wiki nzima bila jina, mpaka mama alipovuka, akamshika, akamwangalia, akasema. Huyu wa tumboni naye anangoja. Bwana yangu alisema safari hii tuchague wenyewe. Nikamwambia, mama yangu hajafa. Mujomba, sitaki hotuba. Nataka ulimi wake ufunguke kwa neno moja tu, la huyu mtoto, basi.

Kwa hiyo nimetafuta dawa. Kuna Mukongomani mwenzetu hapa, Michée, fundi wa sauti kwenye redio ya kanisa. Alisikiliza akauliza diski ni ya miaka gani. Anasema diski kama hiyo ni mono: ule mufereji ambamo sindano inapita una kuta mbili, na kuta zote mbili zimebeba sauti ile ile moja. Lakini turnedisiki yako, mashini unayopigishia diski, ni ya stereo, inasoma kila ukuta peke yake na kuutuma kwa bafle yake. Sauti ya mama iko sawa pande zote mbili. Makwaruzo hayako sawa: ukuta huu una yake, na ule una yake. Basi uunge pande mbili ziwe moja. Sauti ya mama itakutana na yenyewe, itapata nguvu. Kelele hazitakuta mwenzake, zitapungua. Hazitaisha, lakini mama atatoka mbele yao.

Na anakuomba sana: usiipigishe mara nyingi. Kila sindano inapopita, inakula kitu.

Mwipwa wako,
Adeline


Bunia, tarehe 15 janvier 2025

Mwipwa wangu,

Salamu mingi sana kutoka Bigo. Siye wote wazima, na mama yako leo alikunywa nusu ya kikombe ya uji, Agathe alimuimbia ndiyo akameza.

Huyo Michée amesema kweli, ni vile tu amechelewa. Mambo ya mono niliijua zamani. Nilikuwa nangoja mutu aitaje, nione kama dunia nayo imefika.

Sikia. Ku Marabo mbuzi ya chef wa kijiji ilipotea. Wakaita mashahidi wawili. Wa kwanza akasema: "Mbuzi ilikuwa nyeupe, ilipita kisima, na miye jino ilikuwa inaniuma." Wa pili akasema: "Mbuzi ilikuwa nyeupe, ilipita kisima, na muke wangu hanipendi." Chef akashika kichwa. Miye nilikuwa pale nafunga mikro. Nikasema: "Chef, kamata yenye wote wawili wanasema. Ile ya jino na ile ya muke, tupa." Mbuzi ikaonekana nyuma ya kisima, ingali inatafuna. Mpaka leo nikipita Marabo wananiita Juge, mwamuzi. Sasa mwambie Michée: ndiyo mono hiyo.

Kesho asubui naanza. Lakini fundi wa kweli hatii sindano mu uchafu. Nitaosha diski kwanza, na sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, sawa shati ya mukubwa. Agathe anasema, "Flori, diski si suruali." Elektroniki si kitu ya kila mutu.

Umwambie ule wa tumboni atulie. Bibi yake atamutaja.

Mujomba wako,
Juge wa Marabo


Hoima, 22 janvier 2025

Mujomba,

Habari za siku hizi zote? Mama anaendeleaje? Sijapata kitu kutoka kwako, wala barua wala sauti. Nikipiga telefone, inalia tu. Michée naye ananiuliza kila nikimwona kama pande mbili zimeungana.

Niandikie hata mustari mumoja.

Mwipwa wako,
Adeline


Hoima, 27 janvier 2025

Mujomba wangu,

Nimeongea na Mama Agathe. Anasema uko mu atelie yako ya kazi, mulango umefungwa, chakula inarudi vile ilienda, na ukiulizwa unajibu "natengeneza". Anasema mama hanywi uji tena tangu siku mbili. Nilipouliza kwa nini, akasema, "Muulize mujomba wako."

Sasa nakuuliza. Kuna nini? Kama ni mama, usinifiche. Kama ni diski, usinifiche pia. Daktari amesema siku yoyote naweza kuzaa, na mimi nashindwa hata kuhesabu siku, nawaza huko tu.

Adeline wako


Bunia, tarehe 28 janvier 2025

Adeline, mwipwa wangu,

Nakusalimia, sijui kama salamu yangu ingali na uzito. Nilitaka kukuandikia kwamba kuran ya umeme ilikosa. Kweli ilikosa, lakini ilirudi, na bado sikukuandikia.

Niliosha diski vile nilisema. Ikang'aa, nikajiona ndani yake. Nikachukua waya ya kushoto na waya ya kuume, nikaziunga kwa chuma ya kusude, ile ya moto ya kuyeyusha risasi, nikaziingiza mu ampli ya kukuza sauti, njia moja. Kazi safi, Wajapani wangeomba picha. Nikaweka sindano. Ikatoka kwaruzo. Kwaruzo wazi wazi, sawa kuku yenye inachimba mu majani makavu. Nikasema sawa, huo ni mwanzo, sasa mama yako ataingia. Hakuingia. Nikasema labda korali. Hakuna korali. Diski ikazunguka mpaka katikati, kwaruzo, kwaruzo, kisha tak.

Ni ile sabuni. Nimemufua dada yangu, Adeline. Nimefua sauti yake ikatoka, na miye mwenyewe na mukono yangu nikamwanga yale maji ku mufereji ya nyuma ya nyumba. Nilienda kuangalia. Bata zilikuwa zinakunywa.

Nilirudisha sindano. Tena, na tena. Najua Michée alikataza. Lakini mutu mwenye amepoteza mutoto ku soko, unamwambia asirudi kuangalia fasi ile ile? Agathe alisimama ku mulango, akasema pole pole, "Sauti imemutangulia mwenye sauti." Nikamukalipia.

Mama yako iko chumba ya pembeni, alisikia zile kwaruzo zote. Akaanza kugonga ukuta na mukono wake muzima. Nilimukimbilia. Aliniangalia, akaangalia mulango ya atelie, akaniangalia tena, sawa mutu mwenye anauliza: na miye niko wapi? Tangu pale anafunga meno, kijiko haiingii.

Huyu anayekuandikia alifunga sauti ya harusi zote za Bigo. Leo sijui kitu. Kama Michée yuko na neno, alete mbio. Kama hana, usinikalipie leo, unikalipie kesho.

Mujomba wako,
Floribert


Hoima, 29 janvier 2025

Mujomba, mujomba wangu,

Siku ya leo hakuna salamu ndefu, shika chuma yako ya kusude unisikilize.

Nilimsomea Michée barua yako. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona uso wangu akaacha. Anasema sabuni haiwezi kufua sauti. Sauti imechongwa, haikupakwa. Mama yumo ndani ya diski.

Anasema hivi. Mahali fulani kwenye turnedisiki yako, upande mmoja umefungwa kinyume. Wa kushoto ukisukuma, wa kuume unavuta. Kila bafle ikiwa peke yake, husikii tofauti. Lakini ukiziunga, kile kilicho sawa pande zote mbili kinajiua chenyewe: kimoja kinasema ndiyo, kingine kinasema hapana, inabaki kimya. Sauti ya mama na ya korali ndizo ziko sawa pande zote mbili, ndiyo maana zimekufa zenyewe tu. Makwaruzo hayana mwenzake, ndiyo maana yamebaki. Fungua kichwa cha sindano, uangalie zile waya ndogo nne. Zibadilishe fasi waya mbili za upande mmoja. Upande mmoja tu! Ukibadilisha zote mbili, umerudi palepale.

Aliuliza kitu kingine, nakuletea wewe ujibu. Anasema mtu akikaa katikati ya bafle mbili zilizofungwa kinyume, sauti inamsumbua, haina mahali, ni kama inatoka nyuma ya kisogo. Anashangaa wewe, fundi wa miaka yote hii, hukusikia.

Harakisha. Tumbo limeanza kukaza tangu mchana.

Mwipwa wako,
Adeline


Bunia, tarehe 31 janvier 2025

Adeline!

Salamu, salamu, salamu kwa nyumba yote, hata kwa Michée, hata kwa mama mwenye alimuzaa!

Nilifungua kichwa ya sindano. Waya nne, nyembamba sawa nyusi ya mutoto: nyekundu, kijani, nyeupe, bluu. Nikaangalia. Upande wa kushoto, nyeupe imekaa fasi ya bluu, bluu imekaa fasi ya nyeupe. Nilitukana yule fundi wa ovyo mwenye alifunga vile. Agathe akasema, "Si weye ulifunga?" Nikamwambia wakati ule nilikuwa mutu mwingine.

Nilipoanza tu, kuran ikaenda. Nikamuomba Didier, jirani, mwenye anachimba zahabu, ile taa yenye anavaaka ku kichwa akiingia mu shimo. Akaniletea, akasimama pale ananicheka, "Papa Flori, leo unachimba nini?" Nikamwambia, "Nachimba dada yangu." Akaacha kucheka, akanishikia taa vizuri.

Waya ya bluu ikakatika mukononi. Hapo nilikaa chini. Nilikaa, na nilisema na Mungu maneno yenye siwezi kuandika mbele ya mwanamuke mujamuzito. Kisha nikaondoa ganda yake na meno, nikaunga upya. Moshi kidogo, harufu kidogo, basi. Nikaweka sindano.

Akaingia. Adeline, akaingia! Akaingia sawa mutu mwenye anasukuma mulango wa nyumba yake. Makwaruzo bado iko, lakini iko nyuma, sawa mvua yenye inanyesha ku Bogoro wakati siye hapa tuko kavu. Korali nayo, nikasikia mpaka mutu mwenye anakohoa. Didier, mukubwa vile, alifuta macho na ile kofia yake.

Nilirekodi kwa waya, nakutumia hapa. Diski sitaigusa tena isipokuwa mara moja, mbele ya mama yako. Hajakula bado.

Na swali ya Michée, umwambie: sikio ya fundi mukubwa inasikiaga mbali sana. Vitu vya karibu inaachia wengine.

Mujomba wako,
Bwana wa Sauti, amerudi ku kiti chake


Hoima, 1 février 2025

Mujomba,

Ni msichana. Alitoka asubuhi, wamenipasua, tuko wazima wawili. Nimelala na telefone sikioni, mama anaimba upande huu, mtoto analia upande huu. Jemima anauliza nani anaimba.

Mwambie mama. Mwambie ni msichana, ana paji lake la uso, na hana jina. Ngoja jina litoke kwake. Usimkimbize.

Adeline


Bunia, tarehe 5 février 2025

Mwipwa wangu wa mapendo,

Nakupa pole, na unipe pole. Nilipokupigia tarehe 3 tulilia tu mpaka unité za telefone zikaisha. Ndiyo maana naandika, upate kujua vile mama yako alienda. Tulimuzika jana. Batu walijaa quartier muzima, na kwa mara ya kwanza mu matanga ya Bigo, mikro haikupiga filimbi hata mara moja.

Ile tarehe 2, nilitia bafle moja karibu na miguu yake, juu ya vile Michée alisema mono inatosha na bafle moja. Nikamwambia kwanza habari yako: "Bernadette, Adeline amezaa, ni musichana, anangoja weye." Akafungua macho. Nikaweka sindano.

Ile sauti yake ilipoingia, aliangalia mulango. Alikuwa anatafuta nani anaimba. Wimbo ukafika fasi ya korali kujibu, na mudomo wake ukaanza kucheza. Adeline, aliimba! Hakuimba fasi yake, aliimba fasi ya korali. Alikuwa anamujibu yule musichana. Sauti ilikuwa mubovu, nusu maneno ilikatika, lakini ni yeye, Agathe alisikia, muulize. Wimbo ukaisha, ikabaki kwaruzo, tak, tak, hakuna mwenye alisimama kuondoa sindano.

Kisha akainua ule mukono muzima, akanishika shingo, akanivuta mpaka karibu. Na akasema. Akasema vizuri sana, sawa zamani. Alisema: "Floribert, ndugu yangu, umefanya kazi kubwa yenye hakuna fundi wa Kongo muzima angeweza. Umwambie Adeline asilie. Umwambie mutoto nimemuona. Na juu ya kazi yako hii, mutoto aitwe Floriberte." Ndiyo alisema. Kisha akalala, na asubui yake hakuamuka. Uso ulikuwa umetulia kabisa.

Basi mutoto wako iko na jina. Mungu amubariki.

Mujomba wako,
mwenye jina lake limepata mwenzake


Hoima, 10 février 2025

Mujomba wangu,

Pole tena, pole kwa Mama Agathe, pole kwa wote waliokaa na mama siku ambazo mimi sikukaa naye. Mimi nimeanza kutembea kidogo, kidonda kinapona. Mtoto ananyonya vizuri. Bado tunamwita "mama mudogo".

Ninasikiliza ule wimbo kila siku. Asante, mujomba. Neno hilo ni dogo, lakini sina lingine.

Sasa nikuulize, na usinikasirikie. Ubatizo ni dimanche hii, tarehe 16. Padri anangoja jina. Bwana yangu anasema Floriberte ni jina la heshima. Lakini mimi namjua mama. Alikuwa hapendi majina marefu, alisema jina refu linachosha mutu akiita mtoto kutoka shamba. Nikamuuliza Mama Agathe. Anasema kweli mama aliimba, kweli alikuvuta shingo. Lakini anasema hakukuwa na hotuba. Anasema ilikuwa neno moja, fupi, sauti chini kabisa, na yeye alikuwa mulangoni hakulipata. Anasema wewe ulitikisa kichwa.

Mujomba, sikukatazi hadithi zako. Nimekua nazo. Ile ya mbuzi ya Marabo nimemsimulia Jemima. Lakini hii uniachie bila chumvi. Mama alisema neno gani? Hata kama ni baya. Hata kama halikuwa jina, alikuwa anaomba maji tu. Lilikuwa Kinande au Kiswahili? Nitamwita mtoto hivyo hivyo lilivyotoka.

Mwipwa wako,
Adeline


Bunia, tarehe 13 février 2025

Adeline,

Nakusalimia, na mutoto, na Jemima. Siye tuko wazima.

Usiandikishe Floriberte. Hakusema vile.

Nimeanza hii barua mara mingi tangu juzi, na kila mara inageuka hadithi. Leo nimemuambia Agathe akae hapa karibu, nikianza anikanyage muguu. Ameshanikanyaga.

Ni hivi. Nikiwa ningali kijana, mende iliingia mu sikio yangu ya kushoto nikiwa nimelala. Ilikuwa inapiga teke ndani sawa mutu mwenye amefungiwa mulango. Badala ya kwenda kwa muganga, nilimwanga petroli. Mende ilikufa. Sikio nayo ikafa, siku ileile. Batu wote niliwaambia ni bombe ya vita, kisha nikaona hata bombe inaniletea maswali, nikaacha kabisa kusema. Agathe amejua leo. Miaka hii yote alidhani nikilala upande wa kuume nakataa tu kumujibu.

Mujibu Michée sasa: ndiyo maana sikusikia. Stereo nauza, natengeneza, nasifu mbele ya batu, lakini sijui hata siku moja iko namna gani. Kwangu dunia yote ni mono.

Bernadette alinivuta ku sikio ya kushoto. Agathe amesema kweli, ilikuwa neno moja. Fupi. Kama ni Kinande, kama ni Kiswahili, sijui. Nilisikia pumzi yake tu, ilikuwa ya moto na ilinuka uji, juu siku ile alikubali kula kijiko kidogo. Ningeweza kugeuza kichwa, nimupe ile sikio ingine, nimwambie, "Rudia, dada." Lakini alikuwa ametafuta lile neno tangu Noeli, na Agathe alikuwa anatuangalia, na miye ndiye Bwana wa Sauti. Nikaona haya. Nikatikisa kichwa sawa mutu mwenye amesikia.

Akafurahi, Adeline. Akaniachia shingo.

Mujomba wako